Jina la Baba Mkwe

Mume wangu aliondoka nyumbani akiwa tayari anaumwa, na mimi njia nzima nilidhani ananijutia. Nalisema hili mapema ili msije mkanionea huruma nisiyostahili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndoa ya miezi mitatu, na kwa akili yangu ya wakati ule, mwanamume akinyamaza basi sababu ni mkewe.

Tulikuwa tunahamia Shinyanga. Kwetu ni Ushirombo, na kwao pia, vijiji viwili vinavyosali kanisa moja. Kabla ya kunioa alikuwa amepoteza miaka miwili akichimba dhahabu Nyarugusu, ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na duara hilo liliwapa maji mengi kuliko mawe. Alirudi amekonda, ana redio isiyo na betri na uamuzi kwamba hatashuka tena ardhini mpaka siku atakayoshushwa na wenzake. Mjomba wake wa Tabora akamtafutia kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Barua ikaja ikisema aripoti Jumatatu, na kwamba kiwanda kitampa chumba. Ijumaa alfajiri tukawa tumesimama kando ya barabara na sanduku la bati, godoro lililokunjwa, na kuku mmoja ambaye mama yangu alisema ni wa kuanzia maisha. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza imefika katikati, mabasi yalikuwa ya kubahatisha, na aliyepata lori alishukuru Mungu.

Letu lilikuwa lori la magunia ya karanga. Dereva alikuwa Mwislamu wa Tabora, mnene, mpole, aliyeniita shemeji kabla hajanijua vizuri. Mbele alikuwa peke yake, akasema tunaweza kubanana watatu. Mume wangu akakataa. Akasema mimi nikae mbele, yeye atapanda juu ya magunia aangalie mizigo. Mke mwingine angeona huo ni upendo. Mimi niliona mtu amepata kisingizio cha kutokaa na mimi, nikaingia mbele nimenuna, kuku mapajani.

Kabla ya Masumbwe palikuwa na kizuizi cha mbung'o. Magari yote yalisimama, na bwana mmoja mwenye kijiwavu cha mpini mrefu alizunguka akipekua chini ya tairi na nyuma ya taa, kuhakikisha hatuchukui wadudu wa malale kuwapeleka kwenye ng'ombe wa Wasukuma. Nilishuka kunyoosha miguu. Nikamwona mwenzangu kule juu amevaa koti lake la harusi, vifungo vyote vimefungwa, saa sita mchana, jua la kukaangia karanga zile tulizobeba. Nikamwuliza kama hasikii joto. Akanijibu kwamba ni vumbi. Jibu gani hilo? Nilirudi mbele nikiwa na hakika kwamba mtu anayejibu hivyo hataki kuulizwa tena.

Tulilala Kahama kwa dada wa dereva. Ilikuwa nyumba yenye utaratibu wake, wanaume barazani, wanawake ndani pamoja na watoto, na chakula kililetwa kwa wanaume kwanza. Laiti ningelala karibu naye, ningeujua moto wa mwili wake usiku ule ule. Badala yake nililala kwenye mkeka katikati ya watoto wa watu nikitafuta kosa langu. Niliyapata mengi. Wali wa wiki ya kwanza uliungua. Siku ya harusi nilicheka kofia ya shangazi yake. Na Kiswahili changu kilikuwa cha katekisimu, kizito, kimejaa Kisumbwa, wakati cha kwake kilikuwa chepesi, kimenolewa machimboni kati ya watu wa kila kabila. Niliona wazi kwamba ameanza kufikiria mji, na mjini mke wa namna yangu ni aibu. Mpaka jogoo anawika nilikuwa nimeshajirudisha kwa baba yangu, nimeshapokelewa, na majirani wameshanisema.

Kesho yake tukafika Isaka, tukasimama dereva aongeze maji kwenye rejeta. Nikanunua viazi vitamu vya kuchemsha, nikampandishia mwenzangu vinne kwenye jani la mgomba. Akavipokea. Nilipogeuka nyuma nikaona anampa dereva. Hapo nilishindwa. Nilimwita ashuke, akashuka polepole akishikilia kamba, nikamwambia mbele ya akina mama wauza viazi:

"Kama umenichoka sema sasa. Stesheni ile pale."

Treni yenyewe haikuwa inakwenda kwetu, lakini hasira haiulizi njia. Alinitazama, macho mekundu, nikadhani ni hasira. Akasema nipande gari, tutachelewa. Dereva akakohoa akaenda kukagua tairi lisilokuwa na kasoro yoyote.

Kutoka hapo nililia kimya kimya huku natazama nje. Dereva mwungwana alijifanya haoni, akanisimulia habari za ndugu zake wote wa Tabora, mmoja baada ya mwingine, na ndoa zao, na namna kila ndoa ilivyokuwa na kilima chake. Tulipopita Tinde alisimamisha lori kukaza kamba. Nilimsikia akipanda, halafu nikamsikia akiliita jina la mume wangu mara tatu, na mara ya tatu sauti ilikuwa nyingine.

Alikuwa ameanguka katikati ya magunia mawili. Alikuwa anaongea, lakini si na sisi. Aliwaambia watu wa duara wavute kamba, maji yanapanda, wavute. Tulimshusha kwa shida, yeye mrefu, dereva mnene, tukamlaza mbele, kichwa juu ya mapaja yangu mahali alipokuwa kuku. Nilipogusa paji la uso wake nilitoa mkono. Nikaurudisha. Nikaelewa koti, na viazi, na macho mekundu, na kupanda juu peke yake, yote kwa mara moja, na aibu niliyoipata sijaipata tena mpaka leo. Kisha aibu ikaondoka kwa sababu haikuwa na nafasi. Niliogopa atafia mikononi mwangu kabla hatujafika.

Dereva hakusimulia tena. Alishika usukani kwa mikono miwili, midomo inasoma dua, na lori lile zee likaenda mwendo ambao halikuwa limeuonyesha tangu Ushirombo. Kila shimo lilimpiga mwenzangu, akilalamika nilifurahi kwa sababu yu hai, akinyamaza niliinama kusikiliza pumzi. Tuliingia Shinyanga jua linazama. Mji niliouwaza miezi mitatu niliuona kwa vipande: maduka ya Wahindi yakifungwa milango, baiskeli nyingi, harufu ya mafuta ya pamba, muadhini. Sikuuliza kitu chochote ni nini.

Hospitali ya serikali ilikuwa na taa. Dereva na mhudumu mmoja walimbeba mpaka kwenye kitanda cha magurudumu. Kisha dereva akaniomba radhi karibu mara kumi. Karanga zilikuwa za watu na zilikuwa zinangojwa kupokelewa, mizigo yetu iko chini kabisa ya kamba, ataileta asubuhi. Nikamwambia aende. Akaenda na sanduku, na ndani ya sanduku ilikuwamo barua ya kazi yenye majina yote ya mume wangu. Sikulifikiria hilo mpaka nilipofika dirishani kwa karani.

Karani alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye miwani, mtu wa mjini, Kiswahili chake laini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachovya kalamu. Jina la mgonjwa? Nikataja jina la ubatizo. Akaandika. Jina la baba yake?

Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa leo wanataja wakwe zao kama wanavyotaja mchezaji wa mpira. Kwetu mke hatamki jina la baba wa mume. Halitamki akiwa mbele yake, halitamki akiwa hayupo, halitamki hata akiota. Alikuja mgeni nyumbani kwetu mwenye jina kama lile, nikawa namwita yule bwana mpaka alipoondoka. Haikuwa dhambi ya kuungama kwa padri, ilikuwa nzito kuliko hiyo, maana padri angekupa sala tatu ukaenda zako. Aliyelitamka alirudishwa kwao akalete mbuzi wa kufuta neno, na bibi yangu aliniapia kwamba alimjua mwanamke mmoja aliyelitamka kwa hasira na mikono yake ikatetemeka mpaka anazikwa. Ikilazimu jina litajwe, mke humgeukia mtu, shemeji, wifi, jirani yeyote, na huyo humtajia. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu ambao sikumjua hata mmoja.

Kuandika sikujua. Niliacha shule darasa la pili, na herufi nilikuja kuzipata baadaye kwenye kisomo cha watu wazima, miongoni mwa sababu ikiwa ni jioni hii ninayoieleza. Karani akarudia swali, kwa upole. Nikawaza kumweleza, lakini ningeanzaje, kwa Kiswahili cha katekisimu, mbele ya foleni, mgonjwa wangu anasukumwa kuelekea kwenye mlango wa wodi? Aliponiuliza mara ya tatu nikataja jina la baba yangu mzazi.

Lilitoka lenyewe, na nikaona nafuu. Akaandika. Akaniuliza na mimi, nikasema jina langu, na la baba yangu. Akainua miwani. Akauliza kama mgonjwa ni ndugu yangu, nikasema ni mume wangu, majina ya wazee wetu yanafanana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mengi, akanipa kadi. Niliishika kwa mikono miwili nikakimbia wodini.

Daktari alishampima. Alisema ni malaria, imepanda kichwani, na kwamba dawa ikiingia haraka atapona, isipoingia haraka hataahidi kitu. Aliandika kwenye kadi akaondoka kwenda wodi nyingine. Wodi ilikuwa imejaa. Kwenye kitanda cha jirani alilala mtu mzima aliyefungwa bandeji tumboni, na kwa bahati yetu mbaya alikuwa na jina lile lile la ubatizo. Wamisionari walilipenda sana. Nesi alikuja na sinia lenye sindano mbili, moja ya huyu na moja ya yule, na alikuwa nesi wa kweli, mama mmoja wa Kisukuma asiyecheka, asiyemchoma mtu kabla hajamwuliza yeye ni nani. Alianza na kitanda chetu. Akaisoma kadi, akamtikisa mwenzangu bega, akamwita kwa majina mawili, la kwake na la baba yangu.

Mwenzangu akafumbua macho. Masikini, kichwa kilikuwa kinachemka lakini adabu ilikuwa palepale.

"Siyo mimi," akasema. "Huyo ni mkwe wangu."

Nesi akaisoma kadi tena. Akamwuliza mara ya pili, na mwenzangu akajaribu hata kuinuka, kama mtu anayempisha mkubwa kiti, akasema mkwe wake asiwekwe hapa, atafutiwe mahali pazuri. Wagonjwa wawili watatu wakacheka. Nesi hakucheka. Alirudisha sindano kwenye sinia. Akaniambia kwamba hawezi kumchoma mtu anayekataa jina, na hasa kwa kuwa wapo wawili wa jina moja na dawa zao hazifanani, ya huyu inaweza kumdhuru yule. Atakwenda kuuliza kwa karani, na kama karani ameshatoka, atamngoja daktari arudi. Alikuwa sahihi kabisa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, na jioni ile nilimchukia kama shetani.

Alishapiga hatua nne. Nilimshika nguo, kitu ambacho mtu hafanyi kwa nesi. Nikamwambia kosa ni langu, dirishani nilidanganya. Akaniuliza jina la baba yake ni lipi basi. Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akaniuliza, dada, wewe ni mkewe kweli? Nilitazama kitandani. Mwenzangu alikuwa ameanza tena habari za maji na kamba, lakini sauti ilikuwa imeshuka, hakuwa anawaamuru wenzake tena, alikuwa anawaomba.

Nikalitaja. Mara ya kwanza lilitoka kwa kunong'ona na nesi akasema hakusikia. Kwa hiyo nikalitaja mara ya pili, kwa sauti, jina zima la baba mkwe wangu, wodi ya wanaume yote ikisikiliza. Mwenzangu akanyamaza. Alinigeuzia uso, macho yamefunguka kabisa, akanitazama vile mtu anavyotazama kitu asichokiamini, na machozi yakamtoka, yakashuka mpaka sikioni. Nesi alikata jina kwenye kadi kwa mstari mmoja, akaandika jingine, akamchoma. Yeye nesi alikuwa amesikia jina la mtu tu.

Nilikaa chini sakafuni. Walinikubalia kubaki, wodi haikuwa na wahudumu wa kutosha. Usiku wangu wa kwanza wa mjini niliupitisha hapo, mgongo umeegemea chuma cha kitanda, na niliogopa vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa pamoja. Nilimwomba Mungu mume wangu aamke, na wakati huo huo niliogopa kuamka kwake. Nilikuwa nimeyaona yale machozi. Mwanamume hamlilii baba yake aliye hai ila pale anapodhalilishwa, na aliyemdhalilisha ni mimi, mbele ya watu wa mji ambao ndio wangekuwa majirani zetu. Akipona atanirudisha. Nikasema basi, anirudishe, mradi anirudishe akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Nilisema hivyo nikimaanisha, halafu baada ya muda nikaona sitaki kurudishwa pia. Nesi alipita mara mbili na sindano, kila mara akiuliza jina, na kila mara nililitaja, na halikuwahi kuwa jepesi.

Asubuhi jasho lilikuwa limemtoka likalowesha shuka. Watu wa wodi walikuwa wanaamkiana, mwangaluka, mwangaluka, nikasikia na sauti yake imo. Akaniuliza kwa Kisumbwa kama nimekula. Nikamjibu kwa hasira, maana woga ukinitoka ndivyo unavyotoka, nikamwuliza kwa nini hakusema kwamba anaumwa. Akasema homa ilimshika Alhamisi. Kama angesema, mama yangu angezuia safari, Jumatatu ingepita, na kazi angepewa mwingine, akabaki na mke na redio isiyo na betri. Alipanda juu ya magunia nisimwone akitetemeka.

Ilikuwa zamu yangu, na sikutaka jambo lile lining'inie. Nikamwambia kwamba jana nililitaja jina la mzee, mara nyingi, na kwamba niko tayari kwenda kuchukua mbuzi.

Akasema alisikia. Akatazama dari, akilamba midomo iliyopasuka.

"Nilijua nimekufa," akasema. "Nilisema, huyu hawezi kumtaja baba mimi nikiwa hai. Nikawa nalia kwamba nimekuacha mji wa watu, hata pa kulala hupajui."

Nililala na kichwa changu kando ya mguu wake, juu ya blanketi la serikali, mpaka dereva alipokuja na mizigo.